Tundu la Jikoni, Nyumba Namba Saba

Jana ulipita pale, usibishe. Uliona bango kubwa la watu wanaocheka na vikombe vya kahawa mkononi, ukasoma kwamba hapa mtu ataishi, atafanya kazi na atanunua mahitaji yake bila kuvuka barabara, kisha ukageuza uso kabla hujaufikia mlango wa mashariki. Unajua kwa nini uligeuza. Basi kaa usome.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Mama Nyuzi alikuwa akifuta vumbi ghorofa ya chini ya kilichokuwa kiwanda cha nguo. Alifuma mle miaka thelathini na moja. Sasa wajenzi wamempa ndoo, kitambaa na fulana yenye nembo. Masikio yake aliyaacha kwenye mitambo. Siku hizi anasikia kwa macho. Pembeni yake fundi alikuwa anatoboa ukuta wa sebule ili atundike rafu. Drili ilipozama urefu wa kidole, ukuta ukasema, kwa sauti ya kike isiyo na haraka, kwamba msimamizi leo kala kitunguu, ukimjibu geukia pembeni.

Fundi akapuliza vumbi, akaendelea. Tundu la pili likauliza nani ana sabuni. Mhandisi aliitwa, akagongagonga, akaandika kwenye daftari lake: ukuta unaongea, hauna ufa.

Mama Nyuzi alimwona fundi ameinamisha kichwa. Akauliza kulikoni, naye akamrudishia maneno kwa midomo.

"La kitunguu ni langu," akasema. "Tena hapo nilimstahi."

Akaeleza huku akikamua kitambaa. Mitambo mia mbili ikiunguruma, sauti ya mtu haina kazi, kwa hiyo wafumaji walizungumza kwa midomo mitupu kutoka safu hadi safu: umbea, matusi, hata posa. Maneno yasiyopata sikio yaliingia ukutani. Yangekwenda wapi? Fundi akaona ni sawa, akataka tu kujua kama yanaharibu plasta.

Hapo ndipo Mama Nyuzi alipokitua kitambaa. Mdogo wake alifuma mtambo wa mwisho, jirani na mlango wa mashariki. Siku ya moto walikufa wanawake kumi na tisa upande ule, na ripoti ikaandika kwamba mlango ulikuwa wazi, ila wenyewe walichanganyikiwa. Mitambo ilikuwa bado inaunguruma, na kwa walivyozoea, hakuna aliyepiga kelele. Walisema kwa midomo. Mama Nyuzi, kule upande wa magharibi, alikuwa ameinama kuunga uzi uliokatika. Alipoinua kichwa, moshi ulikuwa umekwisha funika vinywa vyote. Miaka ishirini na sita ametaka kujua mdogo wake alimwambia nini.

Akaanza kuhesabu nguzo kwa kiganja, kila nguzo mitambo minne. Akavuka sebule, akapita bafu, akatokea jikoni mwa nyumba namba saba. Akaweka kidole ukutani, usawa wa bega lake.

"Hapa. Alikuwa mfupi."

Dalali wa nyumba, msichana wa viatu virefu, akamwambia bibi, ukuta huo umeshapakwa rangi, na saa nne kuna mteja. Mama Nyuzi akamjibu kwamba mteja ana masikio mazima, atafaidi kuliko yeye. Fundi alikwisha chomeka drili.

Ukuta ukasema. Mama Nyuzi hakuutazama. Alitazama kinywa cha dalali, nacho kilikuwa kimefumbwa.

"Midomo, mjukuu wangu."

Dalali akavua viatu kwanza, mwenyewe hakujua kwa nini. Kisha akatamka polepole, bila sauti:

"Dada, mlango una mnyororo. Msimamizi namwona dirishani, ufunguo uko mkononi. Anaonyesha kwa mkono tuzime mitambo kwanza. Inua kichwa, dada."

Mama Nyuzi akaomba arudie la mwisho. Akarudia. Akamshukuru, akafuta vumbi lililoanguka chini ya tundu.

Ripoti haikubadilika. Ofisini walimsikiliza kwa adabu, wakamweleza kwamba ukuta hauwezi kutia sahihi. Wajenzi walifurahi. Kipeperushi kipya kinasema namba saba ina ukuta wenye kumbukumbu, na tundu limetengenezewa kifuniko cha mbao: unafungua ukitaka kusikia, unafunga wageni wakija. Mteja wa saa nne ndiye aliyeichukua. Aliuliza tu kama linasema hata Jumapili.

Mlango wa mashariki sasa ni wa maduka ya chini. Nyuma yake wanawake arobaini wanashona mapazia ya nyumba hizo, na mlinzi ameufunga kwa mnyororo wasije wakatoka na vitambaa. Cherehani zinapiga kelele, nao wameanza kuzungumza kwa midomo. Kila mchana Mama Nyuzi husimama nje ya kioo cha duka akiwasoma midomo. Mpaka sasa ni umbea, na nani ana sabuni. Hainami hata kufunga kamba ya kiatu.

Yeye aliinama kwa sababu uzi ulikatika. Wewe ulikatikiwa na nini? Zamu ya mchana iko ndani sasa hivi. Weka karatasi hii chini, nenda kwenye mlango ule, na usiondoke mpaka mnyororo ule uwe umelala chini.