Bodi Juu, Tuta Chini

Zuwaina alirudi kutoka mji wa Ibra, kwa binti yake aliyejifungua, akakuta pikapu yake imeota miguu. Pikapu hiyo aliachiwa na marehemu mumewe, Suwailim, na ni kongwe kuliko kitinda mimba wake. Sasa ilisimama mbele ya nyumba kidevu juu, na kati ya bodi na chasisi mtu angeweza kupitisha mkono akasalimiana na aliye upande wa pili.

"Mama! Umeiona?" Musallam, mwanawe, alitoka nyuma ya gari akifuta grisi mikononi. Alikuwa askari Maskati, na likizo zake zote zilikwisha kwenye vilima vya mchanga, yeye na wenzake wakishindana gari la nani litapanda juu zaidi. "Nimeinua bodi. Inchi nne! Tumelegeza bolti zote, tukapiga jeki, tukachomeka vipande vya mti, tukafunga bolti ndefu. Mimi na rafiki yangu Ghanim, siku mbili nzima. Sasa inaweza kuvaa matairi makubwa."

"Nani kakwambia nataka matairi makubwa?"

"Wenzangu walikuwa wanaicheka, mama. Wanasema inatambaa kama kenge."

"Na mimi nani kaniuliza? Ningekuwa nimekufa, sawa, ungerithi. Nipo hai, nimekwenda kupokea mjukuu, narudi nakuta mali yangu imepasuliwa tumbo!"

"Nilitaka kukufurahisha."

"Nimefurahi. Huoni ninavyocheka?"

Nyuma ya barakoa iliyomfunika uso, kama wanawake wa kwao, hakukuwa na kicheko. Lakini alikuwa na jambo kubwa zaidi ya ugomvi. Kesho alfajiri kulikuwa na mbio za ngamia, na ngamia wake Sumha alitakiwa alale uwanjani leo ili aamke amepumzika. Sumha alizaliwa mwezi aliofariki Suwailim. Miaka mitatu Zuwaina amemlea kwa maziwa, tende na samli, amemkimbiza mchangani yeye akiwa nyuma na pikapu hii hii, kwa ajili ya asubuhi moja tu. Majirani wote walikwishapakia wanyama wao na kuondoka.

Akapanda. Kupanda kwenyewe ilibidi ashike mlango kwa mikono miwili, mama mzima wa miaka sitini, huku mwanawe akitazama pembeni. Gia ya pili ikagoma, kwa kuwa mkono wa gia sasa ulikwama kwenye sakafu iliyoinuka. Akairudisha pikapu kinyumenyume kwa gia ya nyuma hadi kwenye tuta la kupakilia.

Tuta hilo alilijenga Suwailim kwa mawe na udongo, akalipima kwa gari lile lile, ili ngamia atoke juu ya tuta aingie garini kama anayetoka ukumbini kuingia chumbani. Sumha alilijua tangu utotoni. Akaja kwa mbwembwe zake, akatupa mguu wa mbele bila kutazama. Mguu ukagonga ukingo wa chuma. Akanguruma, akarudi nyuma, akamwaga mate, na hapo akasema basi. Ngamia akishaumizwa na kitu, hata umwimbie hakirudii.

Zuwaina akaruka chini, akapapasa ule mguu. Mkwaruzo tu, mfupa mzima. Alhamdulillahi. Ndipo akainua macho akaliangalia tuta, akaona kitu hakipo sawa. Inchi nne alizozisikia, lakini pengo hili lilikuwa la shibiri nzima. Ukingo wa tuta ulikuwa umemomonyoka.

"Musallam. Gogo liko wapi?"

Kijana akatupa jicho chini ya gari.

Kwenye ukingo wa tuta lile Suwailim alilaza gogo la mghafu, mti mgumu wa jangwani ulioangushwa na dhoruba, akalichoma kwa chuma cha moto alama ya ngamia wao: mistari miwili na duara. Zuwaina hakusubiri jibu. Aliinama, nguo zikiburutika mchangani, akachungulia chini ya bodi. Vipande kumi vya mti mwekundu vilikuwa vimebanwa kati ya bodi na chasisi. Kimoja kilikwisha kupasuka. Na kingine, chini ya kiti cha dereva, kilikuwa na mistari miwili na nusu ya duara.

Akainuka, akamgeukia mwanawe.

"Umelikata kwa msumeno?"

"Ghanim alisema mti mgumu ndio unaofaa. Sikufikiri, mama. Lilikuwa limelala tu pale."

"Limelala! Na baba yako naye amelala tu pale, mbona hujamchukua?" Machozi yalimtoka kwa hasira na hakuyafuta. "Umeinua gari kwa kubomoa tuta la baba yako! Toa. Kimoja kimoja. Sumha atalala uwanjani leo."

Alitandika mkeka, akaweka birika la kahawa na sahani ya tende, akanywa kikombe baada ya kikombe mbele yake bila kumkaribisha. Kwa watu wa pale, heri bakora kuliko hilo. Musallam alilala chini ya gari tangu adhuhuri, akilegeza, akipiga jeki, akishusha, jasho likimwingia machoni. Vipande vilipotoka vyote, mama yake alimwonyesha ukingo wa tuta kwa kidole. Akavipanga pale kwa safu, akavishindilia kwa mawe, chenye alama katikati.

Jua likikaribia kuzama, Sumha aliletwa. Alinusa ule mti. Akanusa tena, akagusa kwa unyayo, akangoja. Kisha akaingia, akapiga magoti garini.

Musallam akashika mlango wa dereva.

"Wapi?" Zuwaina akauliza. "Nyuma. Kaa na ngamia, umshike shingo."

Uwanjani, Ghanim na wenzake walikuwa wamejipanga kando ya magari yao marefu. Walimwona Musallam nyuma, amekumbatia shingo ya ngamia, fulana nyeusi kwa grisi.

"We Musallam!" Ghanim akapaza sauti. "Si tuliinua gari hili?"

Zuwaina akasimamisha pikapu, akateremka kwa hatua moja, kama zamani.

"Kabla hujaliinua," alisema, "ulijiuliza tuta ulilolikata gogo lilijengwa na nani?"

Ghanim akatazama chini. Musallam naye, kule nyuma, akauficha uso wake kwenye manyoya ya Sumha.