Dada Aliyeomba Kufundishwa

Kitinda alikuwa fundi wa meno ya bandia. Alifanyia kazi nyuma ya zahanati ya meno, kwenye chumba cha dirisha moja na meza iliyojaa vumbi la plasta. Madaktari walimletea alama za vinywa vya watu asiowajua, naye akawachongea meno ya kutafunia na kuchekea. Wenzake walimtania kwamba anaujua mji mzima kwa ufizi, ila akipishana na wenyewe barabarani hamtambui hata mmoja.

Jina la Kitinda lilitoka nyumbani, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Mama alifariki yeye akiwa bado anafuta makamasi kwa mkono wa gauni, na aliyemlea ni dada yake mkubwa, ambaye sasa ni mkunga. Dada alimwogesha, akamsuka, akamfundisha kufunga kamba za viatu. Alipokuwa na neno zito moyoni, Kitinda alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha.

Neno lenyewe lililetwa na Mama Vyungu, mfinyanzi wa makamo aliyekuja kutengenezewa meno ya mbele. Kitinda aliitwa apime rangi ya jino. Alipokuwa akilinganisha, yule mama aliokota kipande cha plasta mezani, akakinusa, akasema kwa mdomo wenye pengo, "Kumbe hata hiki ni udongo. Shikamoo, udongo."

Kitinda akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Unausalimia kweli?"

"Umenilisha mimi na wanangu. Nisiusalimie kwa nini?"

Wakaanza hivyo. Jumamosi Kitinda akawa anakwenda kwenye chumba cha Mama Vyungu, nyuma ya karakana ya seremala, ambako watu wachache walikaa katikati ya vyungu vibichi wakizungumza habari za imani za kale. Walijiita wapagani bila kuona haya. Hakuna aliyechinja kitu, hakuna aliyepandisha mashetani. Waliwasha taa ya mafuta, wakanyunyiza maji chini kwa ajili ya waliotangulia, wakakaa kimya, halafu wakabishana mpaka chai ikapoa. Kitinda alitoka pale akiwa mwepesi, kama mtu aliyevua viatu vilivyokuwa vikimbana tangu utotoni.

Dada akagutuka. "Jumamosi siku hizi huonekani. Umepata mtu?"

Kitinda akamweleza yote, huku amejikaza kama anayesubiri sindano. Dada alikuwa mtu wa maombi, tena wa mstari wa mbele. Lakini hakufoka. Alizungusha bangili mkononi, kisha akasema, "Nifundishe na mimi."

"Unanitania."

"Sikutanii, mdogo wangu. Kama kimekupa raha hivi, nataka kukijua."

Siku hiyo Kitinda alikwenda kazini akiimba, mpaka daktari akamuuliza kama amepandishwa cheo.

Ikawa Dada akitoka wodini anapitia kwake. Anavua viatu, anaketi kwenye kigoda cha jikoni, anaweka simu yake mezani karibu na kopo la sukari, anaanza kuuliza. Naye Kitinda anakata vitunguu na kujibu.

"Sasa mungu wenu ni nani?"

"Inategemea unamuuliza nani. Wengine wana miungu mingi: wa moto, wa maji, wa mavuno. Wengine wanasema ni mmoja mwenye sura nyingi. Wengine hawasemi mungu kabisa, wanasema dunia yenyewe ni hai na inastahili heshima. Hakuna kitabu kimoja cha kutufunga."

"Na shetani?"

"Hatuna. Huyo ni wa kwenu, msitubambikie." Wote wawili wakacheka. "Hata hilo neno mpagani, Dada, nasikia zamani sana lilikuwa na maana ya mtu wa shamba tu. Waliokaa mijini walibadilisha dini kwanza, waliobaki na za zamani wakawa watu wa kuchekwa."

"Na mtu akitaka kujua zaidi, anaanzia wapi?"

Kitinda alilipenda swali hilo kuliko yote. Akaweka kisu chini.

"Aanzie maktaba, rafu ya dini. Asome walioandika wakiamini na walioandika wakipinga. Halafu achague mahali pamoja, mti au chemchemi, apatembelee masika na kiangazi, mpaka apajue. Wazee wa ukoo wakiwapo awaulize walivyokuwa wakiomba babu zao. Na akikutana na mtu anayesema yeye peke yake ndiye mwenye ufunguo, atimue mbio."

"Na huyo Mama Vyungu wako? Anakaa wapi hasa?"

Akamwelekeza: barabara ya soko la mbao, karakana ya seremala, pita uani, mlango wa bluu. Kisha, kwa kuwa moyo ulishafunguka, akasema jambo ambalo hata Mama Vyungu hakuwa amelisikia.

"Asubuhi kabla sijaenda kazini namwagia Mama maji kidogo pale nje. Namwambia nilivyolala. Sura yake siikumbuki, Dada, lakini nikimwagia maji nahisi ananisikia."

Dada alimshika mkono. Mkono ulikuwa wa baridi, na Kitinda akadhani ni uchovu wa wodini.

Jumapili iliyofuata Dada alimwita kwake. "Pita mchana. Baba Mdogo yupo."

Kitinda aliingia sebuleni akiwa na mfuko wa machungwa. Baba Mdogo alikaa kwenye kochi kubwa, na karibu yake kiongozi wa kikundi cha maombi cha Dada, mtu mnene mpole. Shemeji, mume wa Dada, alikuwa mlangoni, macho yakiwa sakafuni. Hakuna aliyepokea machungwa.

"Kaa, mwanangu," alisema Baba Mdogo. "Tuna jambo la kusikiliza."

Dada akaweka simu mezani na kuibonyeza. Sauti ikatoka, na nyuma yake kisu kikikata vitunguu. Kitinda hakuitambua mara moja, maana mtu hajisikii anavyosikika. Miungu ya moto, ya maji. Huyo ni wa kwenu, msitubambikie. Kicheko chake kikajaa sebule na hakuna aliyecheka nacho. Kisha yakaja yale mengine. Sura yake siikumbuki, Dada.

"Zima," alisema Kitinda.

Haikuzimwa. Iliendelea mpaka mwisho, maji, asubuhi, ananisikia, na Baba Mdogo akaguna kwa pua, guno la mtu aliyeonyeshwa kitu kichafu. Kiongozi wa maombi alinyoosha mkono ili amwekee kichwani. Kitinda alimtazama dada yake tu. Dada alikuwa akilia.

Akainuka, akatoka. Machungwa aliyaacha pale pale kwenye zulia.

Kesho yake alikimbilia kwa Mama Vyungu. Mlango wa bluu ulikuwa wazi, na mkokoteni umesimama uani nusu umejaa. Mama Vyungu alikuwa akifunga vyungu kwa magunia.

"Mwenye nyumba kaja na wageni," alisema bila kugeuka. "Mkunga mmoja na mzee mmoja. Wamemwambia nafuga mizimu. Amenipa mpaka jioni."

"Mama, ni dada yangu. Mimi ndiye niliyemwelekeza."

"Najua. Alifika mpaka mlangoni bila kuuliza mtu."

"Mnahamia wapi? Nitakuja kusaidia kupanga."

Ndipo Mama Vyungu akageuka. Meno yake mapya, kazi ya mikono ya Kitinda, yalimkaa vizuri. "Usiniulize wapi, mwanangu. Sina kinyongo na wewe. Lakini sikuambii."

Kitinda alimsaidia kupakia, chungu kwa chungu, kisha akasimama uani mpaka mkokoteni ukakata kona.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa dada yake. Alimkuta akianua nguo.

"Ungenikataza," alimwambia. "Ungenigombeza, ungenichapa kama zamani. Kwa nini uliomba nikufundishe?"

"Ningekukataza ungesikia? Ungejificha, nikupoteze kabisa." Dada aliikumbatia shuka kifuani. "Mama aliniachia wewe. Nitamjibu nini?"

"Alikuachia mimi unilee. Hakukuambia uniwinde."

"Nilikuwa nakuokoa."

"Uliwachezea watu sauti yangu nikimlilia Mama."

 Shuka ikamteleza Dada na kuangukia vumbini, na hakuna aliyeinama kuiokota.

Miezi ikapita. Siku moja Dada alitokea kule zahanati, akaketi kwenye benchi la wagonjwa mpaka Kitinda akatoka na aproni yake nyeupe kwa plasta.

"Nimefikiri sana," alisema Dada. "Yule mama hakunikosea kitu. Nataka kumwomba radhi. Niambie alipo."

Kitinda alimtazama. Ulikuwa uso wa kwanza aliowahi kuujua duniani, na leo alishindwa kuusoma. Yawezekana majuto yalikuwa ya kweli. Yawezekana simu ilikuwa mkobani ikisikiliza.

"Sijui alipo," alijibu, na ndivyo ilivyokuwa.

"Ungejua ungeniambia?"

"Hapana, Dada."

Dada akatikisa kichwa taratibu, akajifunga mtandio, akaenda zake.

Hawajaacha kusalimiana. Mtoto wa Dada akiumwa, Kitinda humpeleka hospitali. Ukoo ukikutana, hukaa meza moja na kupitishiana chumvi. Dada humuuliza habari za siku nyingi, na Kitinda humsimulia habari za kazini: plasta imechelewa kufika, mashine ya kung'arishia imeungua mota, mzee mmoja amerudisha meno akidai yanampigia mluzi. Dada hucheka sana, husogeza kiti karibu, husubiri mengine. Mengine hayaji.