Kidonda Kilichokwenda Kuposa

Mwaka ule kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilikuwa bado imejaa watu, na sisi wa mjini Kigoma tulikuwa tunatengeneza filamu. Tulikuwa na kamera moja na Frida. Frida ni msusi wa Buzebazeba. Majeraha aliyafinyanga kwa unga wa ngano, damu akaichanganya kwa mawese na rangi ya keki. Siku hiyo alimtengenezea mwigizaji wetu, Calixte, jeraha la panga kwenye paji la uso, akalibandika kwa gundi ya fundi viatu.

"Litatoka?" Calixte akauliza.

"Kaka, si mlisema lisitoke?"

Halikutoka. Tulilisugua kwa maji ya ziwa pale Bangwe, tukalisugua kwa sabuni, likazidi kung'aa. Na mchana huohuo tulitakiwa Kidahwe kwa Mzee Ndayikunda, Calixte amchumbie Agnesi. Mzee alishatuma neno mapema: yeye alitoka Burundi akikimbia mapanga, na mtu wa mapanga hapati binti yake. Mengine yote yanazungumzika.

"Vaa kofia," nikamshauri Calixte.

"Ukweni?"

Basi, hakuvaa.

Nyumba ile mposaji hafungui mdomo mpaka mwenye mji amruhusu. Kuruhusiwa kusema ndiko kukubaliwa kwenyewe. Anayemsemea ni mshenga. Mshenga nilikuwa mimi, kwa sababu mwenzetu Samson, ambaye watu humwamini, alikuwa na malaria.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Alikuwa anatazama paji la Calixte. Mkewe, Mama Leonia, akatuwekea chai bila kumwangalia mtu. Nyuma ya pazia Agnesi akaacha kukohoa.

"Nani kamkata?" Mzee akauliza.

"Frida, Mzee."

"Mwanamke?"

"Msusi."

Nikaona sijasaidia.

"Ni filamu, Mzee. Huo ni unga tu."

"Mimi nilipofika huku nilisema nimeanguka," Mzee akajibu. "Kila aliyekatwa ana maelezo yake."

Calixte akanitazama kama mtu aliyefungiwa chooni. Jasho lilikuwa linamtoka, na damu ya paji ikaanza kumshuka hadi puani. Mzee akasimama, akaigusa kwa kidole, akanusa. Akamsogezea kidole hicho Mama Leonia, ambaye huuza mawese sokoni. Mama akanusa, akalamba.

"Mawese haya yamelala sana," akasema. "Nani kawauzia haya?"

Mzee akarudi kitini, akavua kofia yake. Kovu lilianzia juu ya jicho, likapinda, likaishia nyuma ya sikio.

"Mwambieni huyo Frida, lake limenyooka mno," akasema. "Mtu anayekatwa huwa anakimbia."

Nilikuwa na utani tayari mdomoni. Nikaumeza.

Mzee akavaa kofia. "Haya. Kijana aseme mwenyewe."

Calixte akafungua mdomo kwa furaha, paji likakunjamana, na jeraha likabanduka lote, likatumbukia kwenye chai yake.

"Shikamoo, Baba," akasema.

Nyuma ya pazia mtu akacheka. Mama Leonia akalitoa jeraha kwa kijiko, akaliweka kwenye kisahani, akamwongezea chai.