Bangili ya Dhahabu, Chai Haimo

Katika bustani moja ya michezo iliyo kando ya barabara ya kwenda Jebel Ali, Dubai, tiketi ziliuzwa dirisha la kwanza na la pili. Mtu akishalipa hapo na kudhani amemaliza kulipa, alielekezwa kwa tabasamu hadi dirisha la tatu, kwa Prossy, akalipie njaa ambayo bado hajaisikia.

Bidhaa ya Prossy ilikuwa bangili. Kulikuwa na ya fedha na ya dhahabu, zote mbili za plastiki. Aliyevaa ya dhahabu angekula "bila kikomo, siku nzima," na maneno hayo yalibandikwa juu ya dirisha kwa herufi kubwa kuliko Prossy mwenyewe. Kikomo kilikuwepo, ila kilijificha nyuma ya kikaratasi, kwa herufi ambazo hata sisimizi angeomba miwani: mlo mmoja kila baada ya saa mbili; vibanda vitatu tu kati ya kumi na saba; maji hayamo, aiskrimu haimo, vinywaji vya moto havimo. Kwa dirham mia moja themanini na tisa kwa kila kichwa, mtu alitakiwa ale milo minne mizito ndipo aanze kuambulia faida. Kwa miezi kumi na minne Prossy alikuwa ameona watu wawili tu waliofanikiwa. Walikuwa vijana ndugu, wanyanyua vyuma, waliokula mara tano na kutolewa jioni kwa kiti cha magurudumu, mmoja baada ya mwingine, maana kiti kilikuwa kimoja. Menejimenti ilifurahi mno, ikaweka picha yao kwenye tangazo. Picha ya kabla ya kiti, bila shaka.

Prossy alikuwa mtu wa Masaka. Kiswahili alikipata mtaa wa Al Quoz, kwenye chumba alicholala na wanawake watano, wanne wao wa pwani ya Kenya, ambako asiyejua lugha hakuweza hata kuuliza nani kamaliza sukari yake. Mishi wa kitanda cha juu ndiye aliyemfundisha, na baada ya mwaka mmoja Prossy alikimudu kiasi cha kusengenya. Kwa kweli ndiyo kazi kubwa aliyokipa. Kila siku saa ya mapumziko alimpigia Mishi simu akiwa palepale kwenye kiti chake na kumsimulia habari za msimamizi wake, Madam Ashwaq, aliyekaa hatua mbili nyuma yake.

Madam Ashwaq alikuwa mwanamke wa makamo, wa abaya nyeusi na miwani ya mnyororo, asiyepandisha sauti hata siku moja. Na wakubwa alisema Kiarabu, na wafanyakazi Kiingereza. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila mgeni anaombwa kununua bangili mara tatu. Kitabu cha mafunzo kilieleza sababu: mara ya kwanza mgeni hukataa kwa kuwa hajaelewa, mara ya pili kwa kuwa ni bahili, na mara ya tatu hununua kwa kuwa watoto wake wanamsikiliza.

Jumamosi moja ya Desemba, saa tano asubuhi, ilifika dirishani familia ya watu sita. Mbele alikuwa baba, Mohdhar, mtu wa Mombasa, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Nyuma yake walikuwa mkewe Rumaisa, watoto watatu waliokwisha kuanza kuruka kabla ya kuona mchezo wowote, na mama mkwe, Bi Ghania, aliyefika kwa viza ya matembezi wiki hiyo hiyo. Bi Ghania alikuwa mgeni wa kwanza tangu Jumatatu kumtazama Prossy usoni.

"Hujambo, mwanangu? Kazi haikuchoshi?"

Salamu hiyo ndiyo iliyoharibu kila kitu. Prossy aliitika, moyo ukalegea, na alipomgeukia Mohdhar maneno ya kitabu cha mafunzo yalikuwa yamemtoka kichwani. Akainama karibu na tundu la kioo, akasema kwa Kiswahili, taratibu:

"Kaka, hii bangili usinunue. Haifai."

Mohdhar akashtuka. "Haifai vipi? Si hapo imeandikwa mtu ala mpaka achoke?"

"Atachoka kusubiri kwanza. Ni kila saa mbili, na ni vibanda vitatu. Watoto wako wadogo, mmoja atakula chipsi sita atosheke. Nunueni chakula mkisikia njaa, itawatoka nusu ya hizi pesa. Wacha, kaka."

Ushauri mzuri, uliotolewa bure, katika mji ambao hata kuegesha gari kunalipiwa. Mtu mwingine angeshukuru. Lakini Mohdhar alikuwa na mama mkwe ubavuni, na mama mkwe huyo alikuwa ameambiwa kwa miaka minane kwamba mkwewe ni meneja wa usafirishaji pale Dubai Airport Freezone. Alikuwa karani wa ghala. Karani mzuri, lakini karani.

"Dada," alisema, "wale Wazungu waliotoka hapa sasa hivi, umewaambia haifai?"

"Hapana."

"Na wale Wahindi?"

"Hapana, kaka, lakini..."

"Basi mimi waniona nina nini? Waniona sina?"

"Nimekuona ni ndugu," Prossy akasema. "Nakuambia mara ya tatu, usinunue."

"Lete sita," Mohdhar akasema, kwa sauti iliyofika dirisha la kwanza. "Za dhahabu."

Prossy akazifunga, moja moja, hadi kwenye mkono mwembamba wa Bi Ghania, aliyeigeuzageuza bangili yake na kuuliza kama atatakiwa kuirudisha. Mita iliyohesabu mauzo ya siku ikapanda kwa sita, na kamisheni ya Prossy pamoja nayo. Nyuma, Madam Ashwaq akaandika kitu kwenye daftari lake.

Walirudi saa kumi alasiri, na hawakuwa watu walewale. Shati la Mohdhar lilikuwa na ramani ya sosi kuanzia begani. Mtoto wa kati alibebwa na mama yake, kijani usoni, ametapika mara mbili na kuonyesha dalili za kutaka tatu. Bi Ghania alitembea polepole, ameshika bangili yake kama mtu aliyepimwa shinikizo la damu akapewa majibu mabaya.

Mohdhar hakwenda kwa Prossy. Alimpita hadi mlango wa ofisi, akamwita Madam Ashwaq, na kumwaga malalamiko yake kwa Kiingereza cha barua rasmi. Kibanda cha kwanza, foleni ya dakika arobaini. Cha pili, kimefungwa kwa usafi. Cha tatu, mashine imeikataa bangili kwa sababu zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja saa mbili zitimie, wakasimama kuzisubiri, na zilipotimia wakala harakaharaka wawahi mzunguko unaofuata. Kwa saa tano walikuwa wamepanda mchezo mmoja: kile kibehewa kinachowazungusha watoto wachanga.

"And this girl," alimalizia, akimnyooshea Prossy kidole, "she forced me to buy."

Kumlazimisha mgeni lilikuwa kosa ambalo mtu akilirudia hufukuzwa. Utetezi wake ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa mzuri sana: alimkataza mara tatu. Tatizo ni kwamba kumkataza mgeni lilikuwa kosa kubwa zaidi. La kulazimisha lilikuwa na onyo kwanza. La kukataza lilikuwa na tiketi ya ndege ya kurudi kwenu.

"Is it true, Prossy?" Madam Ashwaq akauliza.

Prossy akaanza kuzihesabu bangili zilizobaki.

Bi Ghania, ambaye Kiingereza chote kile kilikuwa kimempita, alijitupa kwenye kiti cha ofisi bila kukaribishwa na kusema kwa kuchoka, bila kumwelekea yeyote:

"Tangu asubuhi nataka chai tu. Mji mzima huu, chai haimo."

"Ya rangi au ya maziwa, mama?" akauliza Madam Ashwaq.

Alisema kwa Kiswahili. Tena si kile cha kuokoteza kazini. Kilikuwa Kiunguja kilichonyooka, cha mtu aliyezaliwa Malindi ya Unguja na kuletwa Ghuba akiwa msichana. Akatoa chupa ya chai chini ya meza, akamimina kikombe chenye harufu ya iliki, akampa Bi Ghania kwa mikono miwili. Prossy akakumbuka, zote kwa pamoja, simu zake za miezi kumi na minne.

"Na wewe bwana," Madam Ashwaq akaendelea, kwa upole uleule, "huyu binti kakukataza mara ngapi?"

Mohdhar akatazama sosi ya begani kana kwamba jibu limeandikwa hapo.

"Mara tatu," Madam Ashwaq akasema. "Nimeziandika. Mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa."

Rumaisa akamweka mtoto chini, taratibu. "Uliambiwa?" akamuuliza mumewe. "Mara tatu? Mimi nilikuwa nawashika watoto, sikusikia neno. Watoto wanalilia mchezo wa maji, wewe waniambia tungoje, saa mbili hazijafika. Tumekuja huku kungoja burger, Mohdhar?"

"Nilitaka mama ale vizuri," Mohdhar akasema, sauti imebaki nusu.

"Mamangu hali mchana. Wamjua huu mwaka wa kumi na moja."

Bi Ghania akanywa chai yake, akasema ni nzuri, na kwamba huko ghalani anakofanya kazi mkwewe bila shaka iko chai kama hii. Hakuna aliyejua nani alimwambia habari za ghala. Mohdhar alikuwa wa mwisho kutaka kuuliza.

Bangili zilizotumika hazirudishwi, lakini ya Bi Ghania ilikuwa haijagusa mashine hata mara moja. Madam Ashwaq akaikata kwa mkasi na kurudisha pesa yake, mkononi mwa Bi Ghania mwenyewe. Ilikuwa bado mapema. Rumaisa akawachukua watoto wawili wazima kwenda kwenye mchezo wa maji, na yule wa kijani akabaki na baba yake kwenye benchi.

Mlango ulipofungwa Prossy alianza kuomba msamaha. Madam Ashwaq akamzuia kwa kiganja.

"Unasema natembea kama gari la polisi linalotafuta maegesho."

"Madam..."

"Na manukato yangu yanafika kazini kabla yangu. Hilo nilicheka, nikajikaza." Akavua miwani. "Nikikuacha dirishani, wiki ijayo utamkataza mwingine anayejua Kiswahili, naye atakuwa mkaguzi. Yalla, kusanya vitu vyako. Jumatatu unahamia dawati la malalamiko."

Barua ilisema Prossy amepewa onyo kwa kutumia lugha isiyoidhinishwa mbele ya mgeni. Juu ya alichokisema kwa lugha hiyo haikutaja neno. Alipoisoma chumbani, Mishi alicheka hadi akashuka kitandani, kisha akamuuliza kama alimsengenya na yeye Mishi kwa huyo madam. Prossy hakucheka. Alikuwa amejiandaa kuchukia barua hiyo na akashindwa, akajiandaa kuifurahia akashindwa pia.

Dirisha la tatu alipewa Harrison, kijana wa Kampala aliyejua kutabasamu bila kupumzika, na siku ya kwanza aliuza bangili sitini na nane. Wateja wake walianza kufika kwenye dawati la Prossy saa nane mchana, wakishika matumbo na vikaratasi. Aliwakalisha, akawasikiliza, akawaambia kwamba mpango ule haufai, usinunuliwe na mtu mwenye watoto wadogo, na bora ulipie chakula ukisikia njaa. Waliafiki wote. Mmoja, Mmisri aliyekuja na mkewe na mapacha, alisema hajawahi kukutana na mfanyakazi mkweli namna hii, akataka kujaza fomu ya kumpongeza. Prossy akampa kalamu. Kwenye dawati hilo ukweli uliruhusiwa saa zote za kazi. Kamisheni ndiyo haikuwepo.