Kesi ya Kitanda Kilichovuka Mpaka

Kwa heshima zote zinazostahili ofisi kubwa, natangaza mbele ya umma kwamba mimi, Quinton Mukhwana, ndimi wakili wa kwanza katika historia ya Malaba kuishtaki kampuni ya kubashiri kwa niaba ya kitanda. Nilikabidhiwa kazi hiyo na mteja wangu, Bwana Alinga, ndugu yake mama, Jumatatu asubuhi, kwa sharti kwamba nimalize kwanza kuosha sufuria za jana.

Nilikuwa kidato cha tatu, na likizo ile ya Agosti nilikaa kwa mjomba. Nyumba yake iko mteremkoni karibu na mto. Ukisimama nyuma ya choo unaiona Uganda, na ukipiga chafya kwa nguvu kuna mtu wa ng'ambo atakayekuambia pole.

Mgogoro ulianza hivi. Jumamosi mjomba alitengeneza mkeka wa timu saba, yaani dau moja linalotaka timu zote zishinde, la sivyo unakosa kila kitu. Zote saba zilishinda. Jumapili, badala ya pesa, ukaingia ujumbe: ushindi umezuiwa kwa sababu mkeka uliwekwa kutoka nje ya Kenya, na leseni ya kampuni inaishia mpakani.

"Nje ya Kenya wapi?" mjomba aliniuliza, akinipa simu nimsomee tena. "Mimi si nilikuwa hapa kwa kitanda na huu mgongo?"

Alikuwa kitandani kweli. Mgongo ulikuwa umemlaza tangu Ijumaa, na hata chooni alikuwa akienda kwa kushika ukuta.

Pesa zile hazikuwa za kununulia televisheni. Januari, karo yangu ilipopelea, mjomba aliuza ng'ombe wa maziwa wa mkewe, anti Petronilla, wakati anti amekwenda mazishini Sigalame. Hakumwambia. Anti aliporudi alikuta kamba imeviringishwa vizuri juu ya nguzo, na ng'ombe hayupo. Tangu siku hiyo alimpikia mumewe na kumfulia, lakini hakumsemesha. Akiwa na neno la kumwambia alilipitisha kwangu, na nisipokuwepo alilipitisha kwa kuku.

"Kuku, mwambie mwenye nyumba chai yake inapoa."

"Kuku, mwambie mama nimesikia," mjomba alikuwa akijibu.

Mnunuzi, Mama Among wa Kocholia, alikuwa mtu mwema. Alikubali kumrudisha ng'ombe kwa bei ileile aliyomnunulia, ila mwisho ulikuwa Jumamosi iliyokuwa inakuja. Baada ya hapo angempeleka soko la mifugo, na huko ng'ombe hana anwani. Ushindi wa mjomba ulitosha kumkomboa ng'ombe na kulipia gari la kumleta. Basi tulikuwa na siku chache za kuisadikisha kampuni kwamba mjomba hakutoka Kenya.

Tulianza na simu ya huduma kwa wateja. Tulisikiliza muziki mpaka mjomba akaanza kuupenda. Kisha msichana mmoja akasema suala letu linashughulikiwa, muziki ukarudi, na salio likaisha. Nikaenda kwenye duka lao hapo mjini, lile lenye televisheni nyingi ukutani. Meneja alinisikiliza vizuri sana.

"Boss, mimi hapa kazi yangu ni kupokea pesa," alisema. "Kutoa ni idara ingine."

Ndipo nilipoamua kuegemea sayansi. Pale mteremkoni kila mtu anajua kwamba simu zetu hazina uaminifu. Ukiisogeza simu upande wa mto inaacha mtandao wa Kenya na kushika wa Uganda bila kukuomba ruhusa, kisha inakutumia ujumbe wa kukukaribisha ugenini. Anti alishawahi kukaribishwa Uganda akiwa anakamua. Na kitanda cha mjomba kimebanana na ukuta wa upande wa mto.

Niliandika malalamiko yenye kurasa tatu. Kuandika ninakuweza, kwa maana shuleni nilikuwa katibu wa chama cha mdahalo, cheo nilichovuliwa kwa sababu ya tukio la chura ambalo halihusiani na kesi hii. Niliandika kwamba saa ile ya Jumamosi jioni mlalamikaji alikuwa amelala nchini Kenya, kichwa chake kikielekea Kocholia na miguu yake barabara ya malori. Niliandika kwamba simu haikwenda mbali na nyumba muda wote. Niliandika kwamba kama kuna aliyevuka mpaka, basi ni mawimbi ya hewani, ambayo hayana pasipoti. Nikamalizia kwamba nakala itapelekwa kwa bodi ya serikali inayosimamia michezo ya kubahatisha, na kwamba kampuni inakaribishwa kuja kukikagua kitanda.

Mjomba alinitaka nimsomee yote mara mbili.

"Hii shule imekusaidia," alisema. Akanirudishia karatasi. "Ng'ombe hakwenda bure."

Nikaenda nje kuteka maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Nadhani ile nakala ya bodi ndiyo iliyofanya kazi. Jumanne jioni ulikuja ujumbe kwamba ofisa wa malalamiko, Bi Vivianne, angekuwa Busia Jumatano akisikiliza wateja, na Alhamisi angefika kwetu Malaba kukiona kitanda.

Alifika saa nne asubuhi kwa miguu kutoka barabarani, mwanamke mpole wa miaka kama arobaini, amebeba mkoba na mwavuli. Nilimtarajia mtu wa kugombana naye. Alikunywa chai vikombe viwili, akamuuliza mjomba habari za mgongo, akamweleza dawa ya kuchua anayotumia mama yake.

"Mzee, wewe ndiye ulichagua hizi timu?"

"Mimi mwenyewe, madam. Moja moja. Hata ile ya mwisho watu walinicheka."

"Hata mimi ningekucheka," alisema. "Haya, tuone kitanda."

Tuliingia chumbani wote. Anti alisimama mlangoni na ungo wa maharagwe, kama mtu aliyekuwa akipita tu. Bi Vivianne alishika simu ya mjomba akaiweka katikati ya kitanda, juu ya blanketi lililokunjwa. Tukaitazama. Kwa muda mrefu simu ilibaki mzalendo. Anti alichambua maharagwe. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda akijishika kiuno, na niliona midomo yake ikitembea, labda akiomba, labda akizihesabu tena timu zake.

"Huwa analalia upande gani?" Bi Vivianne aliuliza.

"Upande wa ukuta," alisema anti, halafu akainamia ungo wake haraka.

Bi Vivianne akaisogeza simu mpaka ikagusa ukuta. Tulikaa. Nje lori lilipiga honi, na lingine likalijibu. Kisha simu ikatetemeka. Akaiinua, akasoma, akatugeuzia kioo ili tuone wote: Karibu Uganda.

"Alinga," alisema anti Petronilla. "Imefanya."

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia mumewe tangu Januari bila kupitia kwa mtu wala kuku. Mjomba akatikisa kichwa kama mtu aliyemwagiwa maji.

Bi Vivianne alipiga picha ya ukuta, ya kitanda na ya ule ujumbe. Alisema kampuni imekuwa ikipata kesi nyingi za watu wa kando ya mto na hawakuwa wakizielewa, na sasa anaona walichokuwa wakieleza. Akaandika na kutia sahihi kwamba maelezo ya mteja yamethibitishwa. Pesa zingeingia kesho, Ijumaa.

Sasa hapo ndipo wakili mwenye akili angefunga domo lake na kumsindikiza mgeni barabarani. Lakini nilikuwa nimemfundisha shahidi jioni mbili mfululizo, nimemwahidi soda, na alikuwa ameketi nje kwa subira amevaa shati la kanisani.

"Madam," nikasema, "kabla hujafunga mkoba, upande wa mlalamikaji una shahidi mmoja zaidi."

"Hakuna haja, kijana. Nimeridhika."

"Ni kwa ajili ya kumbukumbu tu."

Akacheka, akakaa tena. Nikamwita Chrispine, kijana wa baiskeli anayebeba abiria na mizigo kupitia darajani. Aliingia akasimama wima kama anayeimba wimbo wa taifa.

"Mtandao wa hapa unaruka kama panzi," alisema, neno kwa neno kama tulivyofanya mazoezi. "Mtu analala Kenya, simu inaamka Uganda."

"Asante," nikasema. "Shahidi anaweza kuondoka."

"Ngoja kwanza," alisema Bi Vivianne, kwa upole tu, kama mtu anayetaka mgeni naye aheshimiwe. "Wewe umeona mwenyewe, ama ni kusikia?"

"Nimeona, madam." Chrispine alifurahi kuulizwa. "Hata hiyo Jumamosi yenyewe simu ya mzee ilikaribishwa Uganda mimi nikiona."

"Hapa kitandani?"

"Hapana, si hapa. Tukiwa tumeshapita daraja. Nilikuwa nimembeba Quinton kwa keria, tunaenda kukula rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai, kwa ule jamaa wa pale malori yanalala. Akaniambia nisimame kidogo atume hiyo kitu ya anko wake kabla bando haijaisha. Akatuma, tukaendelea."

Halafu akanitazama ili nimwambie kama amefanya vizuri.

Bi Vivianne alifungua tena mkoba wake, polepole, akatoa karatasi aliyokuwa ameitia sahihi.

"Mzee, ulikuwa unajua?"

"Nilimtuma aninunulie bando kwa kioski ya hapo mlangoni, halafu abonyeze kutuma," alisema mjomba. "Mkeka nilikuwa nimeshaumaliza. Kulikuwa kumebaki kubonyeza tu."

"Nakuamini. Lakini sasa siwezi kulipa. Mkeka umetumwa kutoka upande ule, tena na mtoto ambaye hana hata kitambulisho. Utarudishiwa dau lako, na akaunti sitaifunga." Akaikunja ile karatasi. "Hiki kitanda chako kitawasaidia watu wengi wa hapa mtoni, mzee. Naomba msamaha kwamba hakikusaidii wewe."

Mjomba alimshukuru. Alijaribu kusimama amsindikize, mgongo ukakataa, akamshukuru tena akiwa amekaa. Chrispine alitoka naye, na ninafikiri alimbeba kwa baiskeli hadi barabarani bila kumdai kitu. Soda yake hakuulizia.

Anti alikuwa bado mlangoni. Kuku mmoja alikuwa akidonoa maharagwe yaliyoanguka, na anti akamtazama yule kuku kwa muda.

"Kuku," alisema, "mwambie mwenye nyumba huyu mtoto wa dada yake amekula ng'ombe wangu mara mbili."

Akaenda jikoni.

Tukabaki wawili chumbani, mimi na mteja wangu. Nilimngojea anifokee, kwa sababu kufokewa nimezoea na nina majibu yake tayari. Hakufoka. Alichukua simu kutoka ukutani, akaitazama, akaiweka mfukoni mwa shati.

"Kioski ilikuwa imefungwa?"

"Ilikuwa wazi, anko."

"Bando ulinunua wapi?"

"Hapohapo kwa kioski."

"Sasa mbona hukubonyeza hapo?"

Nilikuwa na majibu matatu mazuri, moja lenye mama mzee aliyehitaji kubebewa mzigo. Nikayaangalia yote matatu, nikaona hayatamrudisha ng'ombe.

"Chrispine alikuwa anapita, akasema anaenda ng'ambo," nikasema. "Nikapanda. Nilisahau mkeka mpaka tukavuka daraja."

"Pesa ya rolex ulitoa wapi?"

"Ilikuwa chenji yako, anko."

"Mayai mangapi?"

"Mawili. Na nyanya."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Nje anti alikuwa akikwangua sufuria kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

"Na zile kurasa tatu," alisema mjomba, "ulikuwa unaandika ukijua?"

"Nilijua, anko. Nilijua tangu Jumapili ujumbe ulipoingia. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka ng'ombe arudi bila mtu kujua nilienda wapi."