Mume wa Wakonyo Ana Wiki Kumi

Saa kumi na moja jioni ilipofika tu, Gatimu alianza. Hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Alikunja magoti hadi kifuani, uso ukamwiva, akafumbua kinywa kisicho na jino hata moja na kuangua kilio ambacho majirani wote pale Ruring'u walikuwa wamekwisha kukizoea, wote isipokuwa mama yake.

Mama yake, Watiri, hakujua tena amechoka wapi, mgongo au kichwa. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, huyu alikuwa mtoto wake wa kwanza, na Desemba hiyo ya mwaka 1971 alikuwa na wiki tatu tu kabla ya shule kufunguliwa na yeye kurudi kazini. Alimweka mtoto begani, akambembeleza. Akamlaza kifudifudi mapajani, akamsugua mgongo. Akamnyonyesha, mtoto akavuta mara tatu, akaliachia titi na kulia upya, kama mtu aliyeonjeshwa chakula kibovu. Hilo ndilo lililomuuma Watiri kuliko kelele zenyewe. Alianza kuamini kwamba maziwa yake ndiyo yaliyomdhuru mwanawe.

Na kama hakuamini, watu walikuwepo wa kumwaminisha. Ajabu ya mtoto anayelia ni kwamba humfanya kila mpita njia kuwa daktari. Jirani yao Saumu, mke wa Sulemani fundi cherehani, alikuja na kipande cha mvuje kilichofungwa kwenye kitambaa cheusi, akamfunga mtoto mkononi, kisha akamkataza Watiri maharagwe na kila kitu kichachu. Mke wa Mwalimu Simeon akamkataza parachichi na viazi vitamu. Muuza dawa mjini akampa chupa ya dawa ya msokoto wa tumbo, na mtoto akaitapika yote kwenye blauzi yake ya kanisani. Mumewe Ngatia, ambaye alifanya kazi Kenol na kuja nyumbani kila Jumamosi ya pili, alimshika mwanawe kwa dakika kumi, akamrudisha na kusema, "Si umpe tu maziwa ya mkebe? Halafu msikilize Mama." Kisha akaenda kutazama mpira uwanjani.

Mama aliyetakiwa asikilizwe ni Wakonyo, mama yake Ngatia. Alikuwa amekuja kutoka Kangema siku ya tatu baada ya mtoto kuzaliwa, akiwa na kikapu cha ndizi na kibuyu chake kirefu cha uji. Wakonyo alikataza kabichi. Basi Watiri aliacha maharagwe, akaacha parachichi, akaacha viazi, akaacha kabichi, mpaka akabaki na wali mweupe na chai ya rangi. Mwanamke anayenyonyesha akawa anakula kama mgonjwa wa wodini. Nguo zilimpwaya, na matiti yaliyokuwa yakimvuja mwezi wa kwanza sasa yalikuwa laini kama soksi.

Aliacha hata uji. Wakonyo alikuwa akimpikia uji mchachu wa wimbi, ule ambao mama mkwe yeyote wa Kangema humpikia mke wa mwanawe ili maziwa yashuke, na Watiri aliupenda kweli. Lakini Saumu aliposema uchachu huingia kwenye maziwa, alikirudisha kikombe siku hiyohiyo. Wakonyo alinuna.

"Wewe Saumu," alimwambia jirani kwa Kiswahili chake cha sokoni, "hii uji ndiyo ililea watoto yangu saba. Hakuna hata moja alilia namna hii."

"Mimi sisemi uji wako ni mbaya, mama," Saumu akajibu. "Nasema mtoto analia."

"Ati mtoto. Huyu si mtoto. Huyu ni mzee yangu."

Saumu akacheka, na Watiri naye akacheka, maana siku hizo alikuwa bado na nguvu ya kucheka. Mtoto wa kwanza wa kiume alikuwa amepewa jina la babu yake mzaa baba kama ilivyo desturi, na kwa hiyo Gatimu mdogo alikuwa mume wa Wakonyo tangu siku aliyozaliwa. Bibi huyo alimwamkia asubuhi kama mtu mzima. Alimgombeza kwa makosa ya miaka thelathini nyuma, kwamba alimwacha peke yake na mbuzi kwenye mvua, kwamba alikoroma. Aliendelea kupika uji vilevile, na kila jioni kibuyu kilikuwa kitupu. Watiri alidhani anaunywa mwenyewe.

Kilio hakikupungua. Kiliongezeka, na sasa mtoto akaanza kuharisha, maji ya kijani, mara sita, mara nane kwa siku. Watiri alifua nepi mpaka vidole vikachubuka.

Alhamisi akambeba mtoto na kwenda naye kliniki mjini. Kulikuwa na foleni ndefu ya akina mama kwenye benchi, na mezani alikaa nesi mmoja mnene aliyeitwa Monicah, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Mama Gatimu! Hii mtoto imepungua. Mwezi uliopita ilikuwa ratili kumi. Leo ni tisa na robo tatu. Unampatia nini?"

"Maziwa yangu tu, Sister."

"Maziwa yako tu." Nesi akaifungua nepi, akaitazama, akaiinua kidogo kuelekea dirishani. "Na hizi ni nini? Kuja uone. Hizi punje nyekundu. Hii ni wimbi. Ama maziwa yako iko na wimbi?"

Benchi zima likacheka. Watiri akahisi masikio yakimwaka moto.

"Sister, sijampatia kitu. Haki ya Mungu."

"Mimi nimeona nepi miaka kumi na mbili, mama. Nepi haidanganyi. Mwalimu mzima!" Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kidogo, ambayo bado iliwafikia wote: "Sikiza. Tumbo ya mtoto ya miezi miwili haijui uji. Inamwasha, inamharisha, na akishiba uji hawezi nyonya, kwa hivyo maziwa pia inapotea. Mpatie titi peke yake. Kila wakati anataka. Na wewe kula chakula, umekuwa kama kijiti. Alhamisi ijayo kama hajaongezeka, tunamlaza."

Watiri alijua maana ya kulazwa. Wodi ya watoto ilikuwa imeingiwa na surua, na wiki iliyotangulia mwanamke wa nyumba ya tatu kutoka kwao alikuwa ametoka humo na shuka lililokunjwa, bila mtoto. Alichukua kadi yake, akamfunga Gatimu mgongoni, akatoka bila kuaga.

Njiani alikuwa anachemka. Alimjibu yule nesi majibu yote ambayo hakuyapata pale mezani. Mimi ninaacha kula kwa ajili ya mtoto huyu! Mimi nimekonda kwa ajili yake, halafu niitwe mwongo mbele ya watu arobaini, kwa sababu ya punje! Punje zimetoka wapi, mimi uji wenyewe sijauonja kwa mwezi mzima, kibuyu chenyewe kinajazwa na...

Akasimama katikati ya barabara. Mtu mwenye baiskeli akampigia kengele, akamkwepa.

Alipofika nyumbani alimkuta Wakonyo amekaa mlangoni juani, kibuyu kikiwa kati ya miguu yake. Watiri hakusalimia. Walizungumza Kikuyu, na Watiri hakujisumbua kutafuta maneno ya heshima.

"Mama, umekuwa ukimpa mtoto uji?"

"Ndiyo," alisema Wakonyo.

Hakushtuka, hakutazama chini. Watiri alikuwa amejiandaa kwa uongo, kwa machozi, kwa kisingizio chochote, na hilo jibu fupi lilimwacha hana pa kushika.

"Ndiyo?"

"Nilificha wapi? Nampa hapahapa mlangoni ukiwa umelala mchana, ukiwa unafua. Uliacha kunywa, na uji haumwagwi. Tangu lini mtu akaomba ruhusa kumlisha mume wake?"

"Sio mume wako!" Watiri alisikia sauti yake ikipanda mpaka kwa akina Saumu. "Ni mtoto! Ana wiki kumi! Anaharisha kwa ajili ya uji wako, amepungua, Alhamisi ijayo watamlaza kwenye surua! Na mimi, Mama, mimi nimeacha kabichi uliyonikataza wewe! Nimelala na njaa nikidhani maziwa yangu ni sumu, na wewe umekaa hapa na kijiko! Wiki ngapi unanitazama tu?"

Alitaka kulia kwa hasira na hakuweza. Mtoto mgongoni akaamka na kuanza kulia kwa niaba yake.

Wakonyo alishika shingo ya kibuyu kwa mikono yote miwili.

"Wakoloni walipomfunga Gatimu kambini," alisema mwishowe, "alishikwa na tumbo. Alihara damu. Akatuma neno kwa mtu aliyeachiliwa, akasema, mwambie Wakonyo aniletee uji, chakula cha hapa hakikai. Nikapika. Nikatembea siku nzima na kibuyu hiki. Askari wa langoni akakifungua, akanusa, akaumwaga wote chini mbele yangu. Nikaona unavyonyonywa na vumbi. Baada ya siku tatu nikaambiwa ameshazikwa. Mpaka leo sijui wapi." Akamtazama mtoto aliyekuwa akilia. "Sasa amerudi, na kila jioni namsikia analia tumbo. Analia na uji ninao. Wewe ungefanyaje?"

Hasira ya Watiri ilikuwa palepale, nzima, ya haki kabisa, na haikuwa na mahali pa kwenda. Hilo lilimkasirisha zaidi. Angependa sana wakati huo mama mkwe wake awe mchawi, au mwongo, au mjinga tu, mtu ambaye ungemfungia kikapu chake na kumpandisha gari la Kangema jioni hiyohiyo. Na baada ya wiki tatu angerudi darasani, na hakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwachia mtoto.

Akamfungua Gatimu mgongoni, akaketi kizingitini kando ya mwanamke huyo. Akanyoosha mkono.

"Nipe kibuyu."

Wakonyo akakikumbatia. Alidhani uji unakwenda kumwagwa mara ya pili.

"Nipe, Mama. Siumwagi."

Akakipokea, akakiinua, akanywa. Uji ulikuwa mzito, baridi, mchachu mpaka macho yakamlegea, na tumbo lake la wali mtupu likaupokea kwa kelele. Alikunywa bila kupumua, ukamchuruzika kidevuni. Alipokishusha mdomoni aliona aibu jinsi alivyokuwa na njaa.

"Mzee wako hana meno," alisema akipangusa mdomo. "Akitaka uji, utamfikia kupitia hapa." Akagusa kifua chake. "Mimi nitakunywa. Kila siku, kadiri unavyopika. Na maharagwe nitakula, na kabichi yako nitakula. Yeye atanyonya tu, hata shule ikifunguliwa utaniletea anyonye, mpaka atimize miezi minne. Siku hiyo kijiko cha kwanza ni chako. Lakini ukimpa kabla ya hapo, Mama, hata kijiko kimoja, naapa utarudi Kangema na mimi nitaacha kazi."

Wakonyo hakusema ndiyo. Alikichukua kibuyu, akaingia jikoni, na Watiri akasikia kuni zikivunjwa.

Kwa wiki nzima walikaa hivyo, wakisemeshana kidogo sana. Gatimu alilia saa kumi na moja ileile Ijumaa, akalia Jumamosi na Jumapili, na Watiri akatamani kupiga kichwa ukutani. Jumatatu nepi zilikuwa nne. Jumanne zilianza kuwa za manjano. Jumatano alilia nusu saa, akanyonya, akalala.

Alhamisi Wakonyo alivaa viatu na kusema naye anakwenda. Walikaa kwenye benchi bega kwa bega. Nesi Monicah akamweka mtoto kwenye mizani, akasogeza chuma, akasogeza tena.

"Ratili kumi na robo!" alitangaza, kliniki nzima ikasikia. "Umeona, mwalimu? Ukiacha kudanganya watu, mtoto ananona. Sasa sema ukweli, ulikuwa unampatia uji ama hukuwa?"

Akina mama wakageuka kutazama. Watiri alimtazama nesi, akaitazama benchi, akamtazama Wakonyo, ambaye Kiswahili chake cha sokoni kilitosha kabisa kuelewa swali hilo na ambaye sasa alikuwa ameinamia mikono yake. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Alikuwa amelitunza wiki nzima.

"Nilikuwa nampatia, Sister," alisema. "Nimeacha."

"Si ungesema tu mapema," alisema nesi, akaandika kwenye kadi. "Mwingine!"

Njia nzima mpaka Ruring'u Wakonyo alimbeba mumewe mgongoni, wala hakumgombeza kwa lolote. Watiri alitembea mbele, meno ameyauma, kwa sababu alikuwa bado na hasira na hakuona kwa nini aifiche. Walipofika, bibi alimlaza mtoto, akaleta kikombe kikubwa kuliko vyote, akakijaza mpaka uji ukafika ukingoni, akasimama mbele yake akingoja.

"Kunywa wote," alisema. "Mzee wangu alikuwa habakishi."