Almasi ya Manjano

Siku Ghalib alipozikwa, mkewe Thuwaiba alivua mapambo yake yote akaingia edani, kama ilivyo ada. Hapo Chole, enzi za Wajerumani, mjane aliyekaa eda hakutoka nje wala kuonana na wanaume. Pete yake ya fedha yenye jiwe la manjano, aliyovishwa na Ghalib, haikuwa imetoka kidoleni tangu harusi. Wifi yake, Mwanaheri, aliishika akaielekeza kwenye mwanga.

"Wifi, kaka yangu alikuambia hii ni almasi? Mbona manjano? Almasi ni nyeupe kama maji. Hii chupa, mama!"

Alisema kwa mzaha, lakini maneno yalimwingia Thuwaiba. Alipobaki peke yake aliisugua pete kwa mchanga na limau, kama wanavyosugua vyombo vya fedha, akidhani manjano yale ni uchafu tu. Hayakutoka. Basi akaamini kuwa Ghalib alimdanganya miaka yote ile, na watu walipomtaja marehemu akawa hasemi "Mungu amrehemu" pamoja nao.

Mwanaheri akaona, akajuta. Akaenda kumwita Lalji, sonara. Yule mzee alifunga duka lake, akaja, akaketi barazani akiupa mlango mgongo, ili mjane asione haya. Mwanaheri akampelekea pete.

"Nani kaichuna hivi?" Lalji aliuliza. "Mmeilimia muhogo?"

"Mimi," Thuwaiba alijibu nyuma ya pazia. "Kwa mchanga."

"Ahsante, Bibi, umenipunguzia kazi. Fedha imechunika yote, jiwe halina hata mstari. Chupa ingekwaruzika." Akalipulizia pumzi, ukungu ukatoweka papo hapo. "Almasi hii. Kwenye chupa ukungu ungekawia."

"Na manjano yake?"

"Limezaliwa nayo. Rangi imo ndani, tangu huko chini ya ardhi. Yapo ya hudhurungi, yapo ya waridi. La buluu nimelisikia tu, macho yangu hayajabahatika."

Akaenda zake. Hakutaka hata kahawa.

Mwanaheri alirudisha pete, akambusu wifi yake mkono. "Nisamehe."

"Nimekusamehe. Kaa kidogo basi."

"Watoto wananingoja, wifi."

Alipoondoka, nyumba ilinyamaza. Thuwaiba hakuweza kuivaa pete, wala kwenda makaburini. Eda ilikuwa bado mbichi. Aligeukia upande wa kitanda aliokuwa akilala mumewe.

"Ghalib," alisema, "nilikudhania vibaya."

Akangoja. Kisha akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi kidogo, kama mtu aliyezoea kuitikiwa.